Ziara ya Mtuhumiwa

Ijumaa, saa tatu kasorobo asubuhi, Inspekta Zipporah Jepkoech alimtoa mtuhumiwa wake kwenye seli, akamfungua pingu, akamwambia aongoze ziara.

Erastus Khisa alisugua vifundo vya mikono. "Ziara gani, afande?"

"Ile ya Jumatano. Njia ile ile, vituo vile vile, maneno yale yale. Usiruke hata neno moja."

"Lakini mzee hayuko."

"Konstebo Wanzala atachukua nafasi yake."

Kijana alimtazama konstebo, kisha akainamisha kichwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na usiku mmoja tu wa seli ulikuwa umemwongezea mitano.

Kwa mkuu wa kituo, kesi ilikuwa imekwisha. Jumatano asubuhi Mzee Joel Kibiwott, mpima ardhi mstaafu kutoka Lugari, alikuwa amepanda skuta ya betri na kuzungushwa mjini Kakamega na Erastus, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni na kuwasimulia habari za wakati wa dhahabu, miaka ya thelathini. Alhamisi asubuhi wanawake waliokuwa wakitafuta kuni walimkuta mzee amekufa ndani ya shimo la kale la dhahabu, kilomita nne nje ya mji. Skuta yake ilikuwa imelala ukingoni. Shahidi mmoja, kontrakta aitwaye Shitanda, alisema aliwasikia wawili hao wakigombana, na Erastus hakukana. Alipoulizwa mchana ule alikuwa wapi, alisema alikwenda Shinyalu kwa miguu kumwona kukhu yake, mama mzaa baba. Kukhu mwenyewe alikubali kwamba alimwona. Lakini ni nyanya gani angekataa?

"Marehemu ni mtu wa kwenu," mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Zipporah asubuhi hiyo, mlango ukiwa umefungwa. "Kijana ni wa hapa. Huko Lugari watu wameshaanza kuuliza maswali, na hapa sokoni wengine wanataka kuchoma zile skuta. Jumatatu awe mbele ya hakimu, kabla watu hawajaanza kuhesabiana makabila."

"Nipe leo tu, bwana."

"Leo ya nini?"

"Kuna nyasi ambazo sijazielewa."

Mkuu alimtazama kama mtu anayetaka kucheka, asicheke. Alimpa leo.

*

Karakana ya Mzee Cornelius ilikuwa nyuma ya soko, kibanda cha mabati chenye harufu ya waya ulioungua. Mzee mwenyewe alikuwa fundi umeme aliyestaafu kutoka kiwanda cha sukari. Miaka miwili nyuma, mwaka wa tisini na tano, kanisa moja lilipokea viti vya magurudumu vya umeme kutoka ng'ambo. Viti vilikwama kwenye barabara za vumbi siku ya kwanza, vikatupwa stoo. Cornelius aliviomba, akatoa mota, akaunda skuta tatu: ubao wa kusimamia, magurudumu ya baiskeli ya mtoto, usukani wa bomba, na betri mbili za gari chini ya ubao. Zilikwenda kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na hazikuwa na kelele. Erastus alizipaka rangi ya manjano, akaandika nambari, akaanza kubeba wageni waliokuja kutazama msitu na kubaki na siku moja isiyo na shughuli.

"Nambari mbili ndiyo alipanda marehemu," Cornelius alisema. Skuta hiyo ilikuwa imeegemezwa ukutani, karatasi ya polisi imefungwa kwenye usukani. "Nimeiangalia kama ulivyosema, madam. Nimefungua vifuniko tu, sijaondoa kitu. Betri ya kushoto imebaki nusu ya maji yake."

"Yamekwenda wapi?"

"Betri ikilala ubavu inatapikanga. Hii imelala, tena si kidogo."

"Niliikuta imelala ukingoni mwa shimo."

"Basi ilitapika hapo."

"Maji ya betri yakimwagika kwenye nyasi, mzee, nyasi inakuwaje?"

"Inaungua, madam. Siku hiyo hiyo inakuwa nyeupe, kama imemwagiwa maji moto."

"Jana nilichutama pale nusu saa. Nyasi chini ya ile skuta ilikuwa kijani kibichi."

Cornelius alishusha miwani. Wanzala, aliyekuwa mlangoni, aligeuka.

"Inaweza kuwa ilianguka njiani, akaiinua," konstebo alisema.

"Inaweza," Zipporah alikubali. "Ndiyo maana tunapita hiyo njia."

Hakutaka kugusa nambari mbili, kwa kuwa ilikuwa kielelezo cha kesi. Alichagua nambari tatu, ambayo Cornelius aliapa kuwa betri zake zilinunuliwa siku moja na za nambari mbili na kuchajiwa kwa saa zile zile. Kisha akawapeleka wote kwenye mashine ya kusaga mahindi jirani na kumpandisha Wanzala kwenye mizani ya magunia. Kilo sabini na moja. Daktari alikuwa amemwambia kwa simu kuwa marehemu alikuwa na sabini na nne. Zipporah aliomba kilo tatu za mahindi, akambebesha konstebo begani.

"Na hizi nizilipie mimi, afande?" Wanzala aliuliza.

"Utazirudisha. Panda."

*

Walitoka saa tatu na nusu, saa ile ile ya Jumatano. Mbele Erastus kwenye nambari moja, nyuma yake Wanzala na mahindi yake, na mwisho Zipporah kwenye baiskeli nyeusi ya kituo, sketi ameikunja gotini. Waendesha boda boda wa baiskeli waliokuwa wakingoja abiria waliacha mazungumzo. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga nyanya alisema kwa sauti, "Huyo si ndiye aliua?"

Kituo cha kwanza kilikuwa safu ya maduka ya zamani, yenye nguzo mbele na mwaka umechongwa juu ya mlango. Erastus alisimama.

"Sema," Zipporah alisema.

"Hapa," Erastus alianza kwa sauti ya chini, "wafanyabiashara Wahindi waliuza makarai, sululu na taa kwa Wazungu waliokuja kutafuta dhahabu. Watu walitoka mbali, wengine waliacha mashamba huko juu yakiwa yameliwa na nzige. Walilala kwenye mahema..."

Taratibu sauti yake ikanyooka. Alikuwa msimulizi mzuri. Hata Wanzala alisahau mahindi. Alionyesha nyumba ambamo mnunuzi alipima vumbi la dhahabu kwa mizani ndogo kama ya mfamasia. Alionyesha hoteli ambako Mzungu mmoja aliweka farasi wake rehani kwa chupa mbili za pombe. Waliteremka mpaka daraja la Isiukhu, ambako wachimbaji walichuja mchanga, wakarudi juu kwa barabara ya nyuma. Zipporah aliandika saa ya kila kituo kwenye daftari, na umbali kwa mizunguko ya gurudumu lake, ambayo alikuwa ameipima kwa kamba kabla ya kutoka. Alimuuliza Erastus maswali machache tu.

"Mzee aliuliza nini hapa?"

"Hakuuliza. Alikuwa ananyamaza tu. Alikuwa na karatasi mfukoni anaitoanga na kuiangalia."

"Karatasi gani?"

"Ramani. Ya kuchora kwa mkono."

Zipporah aliandika. Mfukoni mwa marehemu hapakuwa na karatasi yoyote.

Kituo cha mwisho kilikuwa kiwanja kilicho wazi kando ya barabara ya Mumias, kama kilomita moja kutoka karakana. Sehemu yake moja ilikuwa imechimbwa msingi, na mawe ya kujengea yalikuwa yamerundikwa. Mlinzi alitoka kwenye kibanda chake, akaona sare ya Wanzala, akarudi ndani.

"Hapa nilikuwa nasema mchezo," Erastus alisema.

"Useme."

"Afande, tafadhali."

"Neno kwa neno, Erastus."

Kijana alitazama chini. "Nilikuwa nasema: hapa kampuni ya Wazungu ilichimba miezi sita ikitafuta dhahabu, ikapata viazi vitamu. Wageni wanachekanga."

"Na mzee alicheka?"

"Alisema, 'Kijana, umesimama juu ya watu.'"

Upepo ulipeperusha vumbi la msingi. Erastus aliendelea bila kuulizwa. Mzee alikuwa ameshuka kwenye skuta akaanza kutembea kwa hatua za kuhesabu kutoka kona ya barabara, ramani mkononi, kisha akakwangua ardhi kwa kisigino mpaka simiti ikaonekana. Lilikuwa jiwe la mpaka. Alisema mwaka wa arobaini na tisa, akiwa kijana anayeshika mnyororo wa wapimaji, aliliweka jiwe hilo kwa mikono yake. Kiwanja kile kilitengwa na serikali kwa sababu kilikuwa makaburi ya wafanyakazi Waafrika waliofukiwa na udongo shimoni wakichimba dhahabu. Watu thelathini na mmoja. Hawakuwekewa misalaba.

"Ndipo mkagombana."

"Nilimpigia kelele. Nilimwambia anyamaze." Erastus alilitazama jiwe la mpaka. "Afande, baba ya baba yangu alienda kuchimba dhahabu na hakurudi. Nyumbani walisemanga alipata mwanamke Kisumu. Mimi nimesimama pale miaka miwili nikichekesha watu. Sikuwa nagombana na mzee. Nilikuwa... sijui nilikuwa nagombana na nani."

"Ndiyo maana ukaenda kwa kukhu."

"Nilienda kumuuliza kama ni kweli alisubiri barua ya babu."

Zipporah alifunga daftari. "Nani mwingine alisikia?"

"Bwana Shitanda. Alikuwa pale, kwenye mawe. Anajenga hapa."

"Anajenga hapa," Zipporah alirudia. Kwenye taarifa yake ya kurasa mbili, Shitanda alikuwa ameandika kuwa alikuwa 'akipita tu'.

*

Walifika karakana saa sita kamili. Kilomita tisa na nusu. Jumatano, kwa maelezo ya Erastus na ya Cornelius pia, mzee aliomba abaki na skuta saa moja zaidi, na Cornelius akamruhusu. Shitanda alikuwa ameandika kuwa saa saba mchana alimwona akipita mbele ya yadi yake, peke yake, kuelekea mashimoni. Yadi hiyo ilikuwa juu ya kilima, kilomita tatu kutoka mjini.

"Basi twende sasa," Wanzala alisema, akijifuta jasho.

"Bado. Tunangoja saa saba."

"Kwa nini, afande?"

Cornelius ndiye aliyejibu. "Betri ikipumzika inapata nguvu kidogo. Inajidanganya. Madam hataki mtu aseme kesho kwamba hatukuipumzisha."

Walikaa kwenye magogo. Cornelius aliwanunulia chai na mandazi. Erastus hakula. Zipporah alisoma tena taarifa ya Shitanda, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma barua ya jamaa. Hakupenda ushahidi unaomjia mkononi wenyewe. Kila kitu kibaya kuhusu Erastus kilitoka kwa mtu mmoja: ugomvi, saa, njia.

Saa saba waliondoka. Kilomita mbili za kwanza zilikuwa tambarare, na skuta ilikwenda, ingawa mvumo wake ulikuwa umeshuka. Kisha kilima kikaanza. Wanzala alipanda hatua arobaini hivi. Skuta ilipunguza mwendo mpaka kuku aliyekuwa akitembea kando ya barabara akampita. Ikatetemeka, ikasimama. Konstebo alikanyaga ardhi.

"Izime, ngoja kidogo, jaribu tena," Zipporah aliamuru.

Alijaribu. Mota ilitoa sauti kama mtu anayekohoa, gurudumu halikuzunguka.

"Sukuma basi."

Wanzala alikuwa na miaka ishirini na tisa, na alikuwa amechezea kituo kandanda. Alisukuma hadi nusu ya kilima, akaegemea usukani akihema. Marehemu alikuwa na miaka sabini na goti bovu.

"Erastus," Zipporah alisema, "umewahi kuleta wageni huku?"

"Hapana, afande. Mzee Cornelius alikataza. Hazifiki."

"Nani anajua hazifiki?"

"Sisi wawili tu."

Zipporah alitazama juu, ambako paa la yadi ya Shitanda lilimetameta. Aliiweka baiskeli chini. "Konstebo, mrudishe Erastus kituoni, kisha umlete Mzee Cornelius kwa gari. Mwambie aje na kitu cha kutambua maji ya betri."

*

Shitanda alikuwa mtu mnene, mpole wa maneno, mzee wa kanisa. Alimpa Zipporah kiti kivulini na soda.

"Nakuja kuthibitisha taarifa yako tu, bwana Shitanda. Mahakama inapenda kila kitu kiwe wazi. Ulimwona mzee amepanda skuta au anaisukuma?"

"Amepanda."

"Hakuwa ameshuka, labda, kwa sababu ya kilima?"

"Hapana, madam. Amepanda, inakimbia. Hata alinipungia mkono."

"Hapa hapa, mbele ya lango?"

"Hapa hapa."

Zipporah aliandika, akamsomea, akampa asaini. Alisaini kwa mwandiko mzuri. Kisha Zipporah akauliza, kama jambo la kando, "Kiwanja kile cha barabara ya Mumias ni chako?"

"Niligawiwa. Nina barua."

"Hukutuambia."

"Hamkuniuliza."

Gari la polisi liliingia. Cornelius alishuka na mfuko mdogo wa karatasi. Zipporah aliinuka. "Naomba kutazama pikapu yako."

"Kuna nini kwenye pikapu?"

"Nitajua nikitazama."

Nyuma ya pikapu kulikuwa kumeoshwa vizuri kuliko gari lenyewe. Kwenye kona moja, rangi ya bati ilikuwa imevimba na kubanduka, kipande cha ukubwa wa sahani. Wanzala alivuta turubai lililokunjwa nyuma ya kiti. Lilipofunguliwa, sehemu yake ya katikati ilikatika yenyewe mikononi mwake kama karatasi iliyoloa.

"Panya," Shitanda alisema haraka.

Cornelius alifungua mfuko wake. Ndani yake kulikuwa na magadi, yale yale ya kupikia mboga, ambayo alikuwa ameyaomba jikoni kwake. Alinyunyiza kidogo kwenye pembe safi ya turubai na matone ya maji. Hakukutokea kitu. Kisha akanyunyiza kwenye ukingo wa lile tundu.

Magadi yakachemka. Povu jeupe lilipanda, likatoa sauti ndogo ya kufoka, likatulia.

"Panya hana maji ya betri," Cornelius alisema.

*

Saa kumi jioni, Shitanda akiwa tayari kwenye chumba cha mahojiano, tarishi wa hospitali alileta bahasha ya daktari. Zipporah aliisoma akiwa amesimama kwenye veranda. Aliisoma mara mbili. Kisha akaikunja, akaiweka mfukoni, akaziangalia upya picha za shimoni, akaingia.

Alimweleza Shitanda alichokuwa nacho, bila kupandisha sauti: kilima, nyasi, bati, turubai. Alimwambia kuwa mlinzi wake alikuwa ameshasema kwamba Jumatano, saa sita na nusu, tajiri alimtuma aende kula mapema. Alimwambia kuwa alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kumwona mtu akipanda kilima ambacho hakiwezi kupandwa.

Shitanda aliegemeza viwiko mezani.

"Alirudi peke yake," alisema. "Alikuwa na kamba na vijiti. Akaanza kuvichomeka kwenye msingi wangu. Nilimwambia, mzee, hii ardhi nina barua yake. Akasema barua haifukui watu. Akasema Jumatatu anakwenda Nairobi na ile ramani."

"Halafu?"

"Nilimsukuma tu. Mkono hivi. Sikumpiga. Akaanguka kwenye mawe, kichwa..." Aligusa kisogo chake. "Sikutaka afe, madam. Mungu anajua. Lakini alikuwa ameshakufa, na mimi nina watoto sita. Niliona nimpeleke kule, waseme alianguka."

"Ramani iko wapi?"

"Niliichoma."

"Ulijuaje amekufa?"

"Nilimgusa. Shingoni."

"Kwa muda gani?"

Shitanda alianza kupangusa meza kwa kiganja.

Zipporah alitoa bahasha. "Jana tulipomtoa shimoni hakuwa na viatu. Nilidhani vilichomoka alipoanguka. Leo daktari ameniuliza kama viatu vilikuwa pamoja. Nimerudi kwenye picha. Vilikuwa pamoja, bwana Shitanda. Vimepangwa kando ya ukuta wa shimo, soksi ndani. Kucha nne za mkono wake wa kulia zimevunjika, na chini yake kuna udongo wa shimo. Ukutani kuna alama za vidole, mpaka juu ya kimo chake."

Shitanda aliinua macho. "Sielewi."

"Unaelewa. Alivua viatu ili apande."

Kontrakta aliondoa mikono mezani. Aliitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Kutoka kiwanjani kwako hadi hospitali ni dakika tano kwa gari," Zipporah alisema. "Ulikuwa umeshampakia."

Shitanda alilia wakati huo, kilio kikubwa kisicho na aibu, na Wanzala, aliyekuwa akiandika, aliweka kalamu chini. Zipporah alimngoja anyamaze. Aliponyamaza, alimwambia konstebo achukue kalamu, waanze upya tangu saa sita na nusu.

*

Jua lilikuwa bado limesimama juu ya paa la kituo alipokwenda seli na funguo mwenyewe. Alimweleza Erastus kwa ufupi kuwa alikuwa huru, na kwa nini. Alikuwa ametegemea kijana aruke, au alie, au amwite mama yake. Erastus alibaki ameketi kwenye simiti, mgongo ukutani.

"Afande, kuna neno sikusema kule kiwanjani."

"Lipi?"

"Tulipofika kwa Mzee Cornelius, yule mzee wa ramani aliniomba turudi pamoja kiwanjani. Alisema, 'Njoo unishikie kamba, kijana, mimi siwezi kuishika pande zote mbili.' Nilikataa. Niliona aibu kumtazama. Nikaenda zangu Shinyalu."

Zipporah aliingia ndani, akaketi kando yake. Simiti ilikuwa baridi.

"Ungekwenda, labda Shitanda angewasukuma wote wawili," alisema.

"Labda asingemsukuma mtu."

Nje, mtu alikuwa akifagia veranda. Erastus aliokota jiwe dogo sakafuni, akalizungusha kati ya vidole.

"Wanzala amesema mzee alikuwa hai kule chini."

"Wanzala anasema sana."

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Alikaa muda gani?"

Siku nzima Zipporah alikuwa amepima vitu: mizunguko ya gurudumu, kilo za mahindi, dakika za betri kupumzika. Bahasha ilikuwa mfukoni mwake, na ukurasa wa pili, kwa mwandiko ulionyooka, daktari alikuwa ametaja saa. Alikuwa ameandika alfajiri ya Alhamisi, karibu na wakati ambao wanawake wa kuni huondoka nyumbani.

"Dakika chache," alisema. "Hakuteseka."

Erastus alimtazama usoni, akitafuta. Zipporah hakuondoa macho. Hatimaye kijana aliitika kwa kichwa, akaliweka lile jiwe chini, akasimama na kuanza kufunga kamba za viatu vyake.